Vitundu vilivyoshindwa na silikoni

Jina la Galula linafahamika zaidi kwa wanajiolojia kuliko kwa mafundi umeme. Eneo hili la Wilaya ya Songwe, katika Bonde la Rukwa, ndilo lililoyapa jina matabaka ya mawe ya mchanga ya enzi ya Kretasia yaliyoelezwa rasmi mwaka 2010. Mwaka huohuo alitangazwa Pakasuchus, mamba mdogo wa kale aliyefukuliwa katika matabaka hayo, mwenye meno yaliyofanana na ya wanyama wanaonyonyesha. Chini ya bonde kuna makaa ya mawe pia. Katika nyanda hizi nishati ilizoeleka kuwa kitu cha kuchimba: mgodi wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1980, ulikuja na mtambo wake wa umeme wa megawati 6.

Jua likabaki kuwa kazi ya maabara, na kwa miaka mingi maabara hizo zilihangaika na vitundu.

Jiwe la mchanga huacha nafasi kati ya chembe na chembe. Ukizijumlisha kuta za nafasi hizo zote, kipande cha ukubwa wa ngumi kina uso mpana kuliko kinavyoonyesha kwa nje. Wazo hilohilo, likipunguzwa hadi vipimo vya nanomita, ndilo lililobadilisha utafiti wa seli za jua.

Mwaka 1968 Wajerumani Heinz Gerischer na Helmut Tributsch walionyesha kuwa fuwele ya oksidi ya zinki iliyopakwa rangi huzalisha umeme ikimulikwa. Lakini ulikuwa umeme kiduchu. Uso laini hubeba tabaka moja tu la molekuli za rangi, na sehemu kubwa ya mwanga hupita bila kunaswa. Kuongeza unene wa rangi hakusaidii, kwa sababu elektroni za molekuli zilizo juu hazifiki chini.

Jibu lilitoka Lausanne, Uswisi. Mnamo Oktoba 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel walichapisha katika jarida la Nature seli iliyotengenezwa kwa chembe ndogo mno za titani dioksidi, ile poda nyeupe ya rangi za ukutani. Utando wao ulikuwa na unene wa maikromita 10 tu, lakini vitundu vyake viliupanua uso karibu mara 800. Rangi hunasa mwanga na kusukuma elektroni kwenye titani. Kimiminika chenye iodini huirudishia rangi elektroni iliyopotea. Ufanisi ulifika asilimia 7.1, na wala seli hiyo haikuhitaji silikoni safi ya viwanda vya gharama.

Kwa vyuo vya Afrika Mashariki, hiyo ilikuwa sayansi inayoshikika. Nairobi waliingia mapema. Mwaka 2003 Julius Mwabora, pamoja na wenzake wa Uppsala, Sweden, alichapisha kazi kuhusu titani iliyotiwa naitrojeni ili inase mwanga unaoonekana. Mwaka uliofuata Bernard Aduda, akishirikiana na Jenny Nelson wa Imperial College London, alieleza jinsi umbo la vitundu linavyoathiri mwendo wa elektroni ndani ya titani. Dar es Salaam nako idara ya fizikia ya Chuo Kikuu, ikiwa na watu kama Rogath Kivaisi, ilijenga utafiti wa tando za nishati ya jua. Fedha nyingi za kazi za namna hii zilitoka Sweden. Serikali zetu zilikuwa wasindikizaji.

Malighafi nayo ilikuwa nyumbani. Chuma cha Liganga, Ludewa, kina titani ndani yake. Mchanga wa Kwale, Kenya, ulisafirishwa nje kama madini ya titani kuanzia 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024.

Hata hivyo seli ya vitundu haikupanda mapaani. Kimiminika chake huvuja na kuharibika kwa joto, tena joto ndilo mali ya bonde kama la Rukwa. Wakati huo bei ya paneli za silikoni ilianguka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010. Ushindani ukaishia hapo.

Vitundu vilizaa mtoto, lakini. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka nchini Japani liliondoa rangi na kuweka fuwele ziitwazo perovskaiti juu ya utando uleule wa titani, likapata asilimia 3.8. Leo perovskaiti ikilazwa juu ya silikoni huvuka asilimia 33 maabara, na paneli za kwanza za biashara za aina hiyo zilisafirishwa kwa mteja mwaka 2024. Unyevu na joto bado ni adui zake. Kwa hiyo anayekwenda Tunduma au Mbeya kununua sola mwaka huu achukue silikoni, adai dhamana ya maandishi, na perovskaiti aiache ithibitishwe kwanza juani kwa miaka kadhaa.