Risasi isiyokuwa risasi

Katika kambi ya Ifo, iliyofunguliwa mwaka wa 1991 huko Dadaab, Kaunti ya Garissa, Mswahili na Msomali hawahitaji mkalimani wanapotaja risasi. Msomali husema 'rasaas', sisi 'risasi', na sote tulilichota neno hilo katika Kiarabu, ambako maana yake ya kwanza ni madini yale mazito na laini. Kamusi zetu bado zinaitunza maana hiyo.

Hapo ndipo utata unapoanzia. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipokabiliwa na vifaru vya Waingereza, walitumia risasi yenye kiini cha chuma cha pua. Madini ya risasi hubonyea yakigonga bamba gumu. Chuma cha pua hupita. Basi risasi ya kutoboa deraya, moyoni mwake, si risasi!

Wanahabari wengi huandika 'risasi za kupenya'. Mimi nashikilia kutoboa. Maji hupenya kwenye ufa, panya hupenya chini ya mlango. Upenyo ulikuwapo tayari. Anayetoboa huufanya mwenyewe.

Nayo deraya naiona kuwa ndugu ya dirii, wanayoijua wasomaji wa Waefeso. Kiarabu 'dir' ni vazi la vita la chuma, lakini pia ni vazi la mwanamke, na sidhani 'dirac' ya Wasomali, ambayo sisi twaiita dera, ilitoka kwingine. Mama apitaye sokoni Ifo na dera linalopepea amevaa binamu wa deraya.

Linaloniudhi hasa ni 'fulana isiyopenya risasi'. Eti fulana ndiyo ipenye! Sema 'isiyopenywa na risasi', na hata hivyo ahadi hiyo ni kubwa mno. Tangu wahudumu wawili wa misaada, raia wa Uhispania, watekwe nyara Dadaab mnamo Oktoba 2011, polisi wamekuwa wakisindikiza misafara ya mashirika kule. Fulana laini ya nyuzi humkinga askari dhidi ya bastola. Risasi ya bunduki kama AK-47 yahitaji bamba gumu, na ile ya kutoboa deraya bamba gumu zaidi. Akiaminishwa kwamba vazi lake halipenyeki, atasimama wima pale ambapo angelala kifudifudi. Mimi ningeandika 'fulana ya kinga', kisha nitaje inakinga dhidi ya nini.