Wazazi, Watoto na Wimbo: Safari ya Mulot na Nairobi

Majina ya walioijenga kwaya hii yamepewa kurasa zake katika kijitabu hiki. Hapa tumeonelea tuandike historia nyingine inayogusa kila nyumba ya Mulot: jinsi wimbo unavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, hasa mtoto huyo anapolelewa Nairobi. Tukilipuuza jambo hili, jubilei ijayo itaimbwa na nani?

Wimbo wa nyumbani

Kabla kwaya hazijakuwako, Wakipsigis walifundishana kuimba bila ubao wala kitabu. Kogo alimbembeleza mjukuu, wasichana waliimba wakiwa kazini, na wanaume walipiga chepkong'o, kile kinubi chetu cha nyuzi. Kisha wamisionari wakaja. Willis Hotchkiss alianzisha misheni ya Lumbwa mwaka 1905, na ile ya Tenwek ikafuata miaka ya 1930. Tukapokea tenzi, nota za solfa na kuimba kwa sauti nne. Hiyo ilikuwa baraka kubwa, na hata leo ndiyo msingi wa kwaya yetu. Lakini siku zile, katika makanisa mengi, ngoma na kinubi viliachwa nje ya mlango, na nyimbo nyingi za nyumbani zikaachwa pamoja navyo.

Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet akiwa na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Wasichana hawakuwahi kumwona, basi wakamwimba kama kiumbe nusu mtu, nusu swala. Sauti zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Wageni wa mbali waliusikiliza na kuupenda wimbo huo, huku vijana wengi wa hapa kwetu wakikua bila kuujua. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla nakala hazijarudishwa kwa wenyewe, kwa juhudi za maktaba hiyo pamoja na Ketebul Music ya Nairobi. Tunashukuru kwamba mashine ilihifadhi sauti. Hata hivyo, kumketisha mtoto na kumwimbisha mpaka ashike ni kazi iliyobaki ya mzazi.

Bembelezi lililokuwa wimbo wa taifa

Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, tume ya watu 5, wakiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Kasisi Thomas Kalume, ilipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Sauti iliyochaguliwa haikutoka ng'ambo. Ilitoka kwa akina mama Wapokomo wa Mto Tana, ambao waliitumia kuwabembeleza watoto wao. Sisi tulio walimu huwaambia wanafunzi jambo hili bendera inapopandishwa: wimbo mnaouimba mkiwa mmesimama wima ulianzia kwa mama na mtoto wake. Mama hao wangenyamaza, tume ingekuta nini?

Watoto wetu mjini

Zao la chai ndilo lililowafungulia njia wengi. Tangu shirika la KTDA lianzishwe mwaka 1964, wakulima wadogo wa nyanda za juu za Kericho na Bomet wamelipa karo kwa pesa za majani na bonasi. Watoto walisoma, wakapanda magari hapa stendi, wakavuka Mto Amala, wakapita Narok hadi Nairobi. Huko wakapata kazi, wakaoa na kuolewa. Kwaya yetu ilipoteza sauti nzuri kwa njia hiyo, na hatuwalaumu. Tuliwaombea wafaulu, nao wakafaulu.

Nairobi si jangwa la sanaa. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927, na mashindano yake yamewainua wanafunzi wa shule nyingi, za mjini na za mashambani. Chuo cha muziki cha Kenya Conservatoire kimekuwako tangu 1944, na Jumba la Kitaifa la Michezo ya Kuigiza lilifunguliwa mwaka 1952. Bomas of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1971, iliwawezesha watoto wa mjini kuona maboma ya jamii zetu na ngoma zao. Mzazi aliye huko ana mahali pa kumpeleka mtoto.

Shida ni muda na lugha. Baba anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, akiwa amekwama kwenye msongamano. Mtoto anaongea Kiingereza shuleni na Sheng mtaani. Anapokuja Desemba, kogo anamwimbia naye anatabasamu tu, kwa kuwa hayaelewi maneno. Tumeyaona haya katika nyumba zetu wenyewe, hata nyumba za waimbaji.

Lakini tumeona pia wazazi walioshinda. Kuna wanaoimba na watoto jioni wakiosha vyombo, wimbo mmoja kwa mwezi, hadi wote waukariri. Kuna wanaompigia kogo simu Jumapili ili afundishe ubeti. Kuna wanaowapeleka watoto katika ibada ya Kikalenjin huko mjini, kisha wanawaeleza maneno njiani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji ada.

Ombi letu

Zaburi ya 78 inatukumbusha tusiwafiche watoto yale tuliyoyasikia kwa baba zetu. Kwa hiyo, katika jubilei hii, kwaya inaomba mambo matatu. Wazee watuimbie nyimbo wanazozikumbuka, nasi tuzinase kwa simu na kuziandika kwa solfa. Wazazi mlio Nairobi, chagueni wimbo mmoja na muufundishe nyumbani kabla ya likizo. Na Desemba, waleteni watoto mazoezini, hata asiyejua Kikipsigis. Tutamweka katikati ya wanaojua, apate maneno kwa kusikia, kama sisi tulivyoyapata.

Viti vya mbele tutawaachia wao.

Katibu, kwa niaba ya kwaya