Kamera ya Kukunja na Nuru Inayovuja

Kabla ya kamera ya kukunja kuenea, picha ya mnyama katika nyika zilizo chini ya Meru na Kilimanjaro ilikuwa mzigo wa wapagazi. C. G. Schillings, Mjerumani aliyewapiga simba na pundamilia picha za usiku kwa mwako wa magnesi, akazitoa kitabuni mwaka 1905, alihitaji msafara mzima wa kumchukulia masanduku na vioo vya picha, ambavyo kimoja kikivunjika taabu ya usiku kucha huwa hasara tupu.

Hila iliyoupunguza mzigo huo ni mfuko mweusi wa ngozi, wenye mapindi mithili ya mivukuto ya mhunzi, ambao ukivutwa lenzi husogea mbele, na ukirudishwa kamera yote hutoshea katika mfuko wa koti. Majeshi ya Waingereza yalipouteka mji wa Arusha mwezi wa Machi 1916, Kodak ndogo iitwayo Vest Pocket, iliyotoka mwaka 1912, ilikuwa imekwisha kutangazwa kuwa ndiyo kamera ya askari. Kisha zikaja Ikonta ya Zeiss Ikon mwaka 1929, na baadaye Isolette ya Agfa.

Lakini mapindi yaliyoipa kamera wepesi ndiyo yaliyoiletea maradhi. Katika mji huo wa Arusha, ulioinuka kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, ambako jua la kiangazi hukausha ngozi na unyevu wa masika huilowesha, kila pembe inayokunjwa na kunyooshwa hatimaye hutoboka. Na aliyeamua kuzitia Isolette nyingi kitambaa cha plastiki badala ya ngozi alikata shauri baya: pembe za mifuko hiyo aghalabu hupasuka mapema.

Illa si kila uvujaji ni taksiri ya mfuko. Nyuma ya kamera kuna kidirisha chekundu cha kusomea nambari za picha, nacho kilipobuniwa hakikuwa na dhara, maana filamu za zama hizo hazikuiona rangi nyekundu. Zilipoenea filamu zinazoziona rangi zote, kidirisha kile kile kikageuka tundu, ndipo watengenezaji wakaanza kukitilia kifuniko. Kodak yenyewe iliigeuza Verichrome yake, filamu ya watu wengi, kuwa ya namna hiyo mwaka 1956. Kamera haikuharibika, dunia iliyoizunguka ndiyo iliyobadilika, jambo ambalo fundi mwenye haraka hulisahau.

Kwa hiyo anayeona utando mweupe umeuficha mlima Meru katika picha yake, na asianze na gundi, bali aitazame filamu iliyokwisha kusafishwa, ambako utando huo huonekana mweusi. Weusi ukivuka mpaka wa picha hadi ukingoni mwa filamu, nuru imepenya nyuma: kwenye mlango, kidirisha, au filamu iliyolegea gurudumuni. Ukikoma sawasawa kwenye mpaka wa picha, shaka iuendee mfuko, ama kilango cha lenzi kinachofunguka picha inapopigwa. Picha iliyokuwa ikingoja huku kamera imeachwa wazi juani ndiyo huathirika zaidi.

Ithibati hupatikana gizani. Filamu ikiisha kutolewa, mfuko huvutwa wote, tochi ndogo ikaingizwa kwa nyuma na kupitishwa polepole kila pembe. Macho yakiisha kuzoea giza, tundu lisiloonekana mchana huwaka kama nyota, nalo hutiwa alama ya chaki papo hapo. Matundu mawili matatu huzibwa kwa masizi yaliyochanganywa na gundi ibakiayo laini ikikauka, yakapakwa kidogo kidogo, mfuko ukaachwa wazi hadi ukauke. Plasta nene haifai, kwa kuwa mapindi hayakunjiki tena na kamera hukataa kufungwa. Zikiwa pembe zote zimeoza, hapana budi kuubadili mfuko wote, kazi ambayo fundi viatu mwenye mkono mwepesi huiweza akipewa ule wa zamani aupime pindi kwa pindi. Taabu hiyo haipotei bure, maana filamu ya 120, inayotengenezwa tangu mwaka 1901, ingali inauzwa.