Mpishi wa Barabarani Katika Kitabu cha Watoto

Roy Choi, aliyezaliwa Seoul mwaka 1970 na kuhamia Marekani na wazazi wake angali mtoto mdogo, hakufunzwa upishi kwanza na chuo, bali na mkahawa wa wazazi wake huko Anaheim, ambako kila alasiri jamaa nzima ilikaa mezani kutengeneza mandu, vile vifurushi vya unga wa ngano vyenye nyama na mboga ndani yake.

Alasiri hiyo haikusahauliwa na Jacqueline Briggs Martin na mtafiti wa vyakula June Jo Lee walipowaandikia watoto wasifu wake wa picha, *Chef Roy Choi and the Street Food Remix*, uliotoka mwaka 2017. Na kwa rai yangu walipatia sana, kwani mtoto asomaye huiona mikono ya wazee ikifanya kazi kabla hajaisikia sifa ya mwana.

Sifa yenyewe haikuja kwa wepesi. Choi alihitimu Culinary Institute of America mwaka 1998, akatumika katika majiko ya mahoteli makubwa, hata mwaka 2008, uchumi umeporomoka naye hana kazi, sahibu yake Mark Manguera akamjia na shauri la kuuza nyama ya Kikorea ndani ya taco ya Kimeksiko. Novemba ya mwaka ule ule gari lao la chakula, Kogi, likaingia barabarani Los Angeles: mbavu za ng'ombe zilizolazwa katika soya, sukari, kitunguu saumu na mafuta ya ufuta, zikachomwa, zikakatwakatwa juu ya chapati ndogo za mahindi, zikafunikwa kabichi yenye pilipili. Kituo cha gari kilitangazwa kwa Twitter, na watu wa kila asili wakapanga safu usiku kulingoja.

Walakini si insafu kulihesabu Kogi kuwa ndilo la kwanza, maana tangu mwaka 1974 Raul Martinez alikwisha kuligeuza gari la aiskrimu kuwa jiko la taco mashariki ya mji huo, na wahajiri wa Meksiko ndio waliouzoeza mji kula wima kando ya njia.

Uchaguzi wa mchoraji nao ulikuwa wa hekima: Man One, msanii wa mji huo huo, mashuhuri kwa kupamba kuta kwa rangi za kupuliza, hata chakula cha barabarani kikapata taswira iliyotoka barabarani. Mwaka 2018 kitabu kilipata heshima ya Sibert, ambayo wakutubi wa Marekani huvitunukia vitabu bora vya maarifa vya watoto.