300,000,000,000 (namba)

Bilioni mia tatu ni namba kamili ambayo wakazi wa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, waliishi nayo bila kuitaja: ndiyo idadi ya zaire za zamani (sarafu iliyotumika nchini humo hapo awali) zilizo sawa na faranga moja ya Kongo. Oktoba 1993, zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Katikati ya 1998, wiki chache kabla ya kundi la waasi la RCD kuteka Kisangani, zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Zidisha hizo mbili.

Ukiichambua kwa namba tasa unapata 2¹¹ × 3 × 5¹¹. Ongeza moja kwa kila kipeo, kisha zidisha: 12 × 2 × 12, yaani vigawo 288. Inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9, maana jumla ya tarakimu zake ni 3. Si namba mraba, kwa sababu 3 imo mara moja tu.

Ukubwa wake unaonekana vizuri zaidi mkononi. Noti kubwa kuliko zote za zaire ya zamani, ya 1992, ilikuwa ya 5,000,000. Ili kufikia faranga moja zilihitajika noti hizo 60,000, yaani mabunda 600 ya noti mia mia.