Senti 5 zilizomng'oa daktari wa kampuni

Tarehe 29 Mei 2026 inatimiza miaka 80 tangu mkataba wa wachimba makaa ya mawe utiwe saini Ikulu ya Marekani. Anayenung'unikia makato ya bima ya afya leo ana sababu ya kuukumbuka.

Katika mabonde mengi ya Kentucky na West Virginia mwajiri alikuwa mmoja tu. Nyumba zake, duka lake, hata daktari wake. Mchimbaji alikatwa fedha za tiba kwenye mshahara, augue asiugue, na daktari alichaguliwa na kampuni. Asiyeridhika angekwenda wapi? Kuacha kazi kulimaanisha kutoa vyombo nje ya nyumba ya kampuni. Ripoti ya Admirali Joel Boone wa Jeshi la Wanamaji, iliyotoka 1947, inayaeleza hayo bila kumung'unya maneno.

Patashika yenyewe ilianza Aprili 1946. John L. Lewis, kiongozi wa chama cha wachimbaji, mwenye nyusi nene zilizowafurahisha wachora katuni, alidai mfuko wa afya na ustawi. Wenye migodi wakakataa katakata. Wachimbaji wapatao 400,000 wakaweka sururu chini. Nchi iliendeshwa kwa makaa wakati huo. Miji ikapunguza taa. Mei 21 Rais Truman akaamuru serikali itwae migodi, na waziri wake, Julius Krug, akaketi na Lewis. Siku nane baadaye wakaafikiana: senti 5 kwa kila tani ziende mfukoni. Zaidi ya hapo, na hili husahauliwa, makato ya daktari yakatoka mikononi mwa kampuni yakaingia mfuko wa tiba chini ya wadhamini walioteuliwa na chama. Fedha zilezile, mshikaji mwingine.

Lewis hakuwa malaika. Mwaka uleule aligoma tena, chama kikatozwa faini ya dola milioni 3.5, iliyopunguzwa baadaye.

Mfuko wa afya na ustawi ulijenga hospitali 10, zikazinduliwa 1956. Makaa yalipodorora, zikauzwa. Mwaka 1989 wachimbaji wa kampuni ya makaa ya Pittston waligoma baada ya kampuni hiyo kukata matibabu ya wastaafu, walemavu na wajane wapatao 1,500.

Hadi leo zaidi ya nusu ya Wamarekani walio chini ya miaka 65 wana bima kupitia kazini. Palipo na waajiri wachache, gharama ikipanda humwangukia mfanyakazi asiye na pa kuhamia. Serikali inayokagua bei za bidhaa kampuni zinapoungana, na ikague pia makato kwenye hati za mishahara.