Injini za boti Ziwa Kivu: petroli au dizeli?

RUBAVU – Mfanyabiashara anayetaka kufunga injini kwenye boti la mizigo kati ya Gisenyi, Karongi na Rusizi apige kwanza hesabu ya saa za kazi kwa mwaka, ndipo aulize bei ya dukani.

Bei ya kununua
Injini ya petroli inayofungwa nyuma ya boti ni nafuu na nyepesi, na usiku hufunguliwa ikalazwa nyumbani. Ya dizeli (mazutu) ni ghali, nzito, na hujengewa ndani ya boti.

Uhai
Ikitunzwa vizuri, injini ya petroli hukadiriwa kufanya kazi saa 1,500 kabla ya matengenezo makubwa. Ya dizeli saa 5,000. Maji ya Kivu hayana chumvi ya baharini, hivyo kutu si tatizo kubwa kama Mombasa au Zanzibar.

Mafuta
Injini ya nguvu farasi 40 ikikazwa hadi mwisho hunywa takriban lita 12 za petroli kwa saa. Ya dizeli lita 8. Ile ya petroli inayochanganyiwa oili hunywa zaidi, na nyingi huhitaji lita 1 ya oili kwa kila lita 50.

Hesabu
Boti la saa 5 kwa siku, siku 300, hufikisha saa 1,500 kwa mwaka. Dizeli huokoa hadi lita 6,000, wakati ya petroli tayari inadai fundi. Boti la siku za soko tu, saa 200 kwa mwaka, huokoa lita 800 pekee. Hapo petroli inatosha. Zidisha lita hizo kwa bei ya pampu, kisha linganisha na tofauti ya bei za injini.

Mwinuko
Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila mita 300, hivyo farasi 40 hubaki kama 34. Usipakie kwa kufuata namba ya kwenye kava.

Tahadhari
Adui wa dizeli ni maji na uchafu: huua pampu na nozeli, ambazo ni ghali kutengeneza. Badilisha chujio kwa wakati. Mvuke wa petroli hulipuka. Zima injini kabla ya kujaza, na abiria washuke.